Ndoa yenu mbele ya afisa asiyewajua

Tangu nilipozungumzia ndugu zetu walio ng'ambo, barua na ujumbe wa simu vimenijia kwa wingi, na karibu vyote vinauliza jambo moja. Mume wangu yuko Uingereza, au mke wangu yuko Uingereza, mimi nimebaki huku, nifanyeje nimfuate? Wapo waliokwisha kuomba wakakataliwa. Wapo waliompa kishoka fedha za kiwanja, wakakabidhiwa bahasha nene yenye mihuri ya kila rangi, na jibu likawa lile lile. Leo basi nitazungumza juu ya makaratasi. Si mazungumzo matamu, lakini ninawajua watu waliooana kihalali ambao wameonana mara mbili katika miaka mitatu kwa sababu ya makaratasi tu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulitii maanani. Kwetu ndoa haijulikani kwa cheti. Inajulikana kwa watu. Mshenga alitumwa, posa ikapokewa, mahari yakalipwa mbele ya wazee, kamati ya harusi ikachangisha, kicheni pati ikafanyika, mtaa mzima ukala pilau. Ukimuuliza jirani kama fulani ni mke wa fulani atakushangaa. Cheti chenyewe kinawekwa ndani ya sanduku, chini ya kanga, na kwa miaka mingi hakuna anayekitaka. Sasa afisa anayeamua ombi lako la viza hakula pilau hiyo. Yuko mbali, hakujui, hana shangazi wa kumuuliza. Mbele yake kuna fomu uliyoijaza kwenye intaneti na karatasi ulizoziambatisha. Asichokiona humo, kwake hakikutokea.

Zamani kulikuwa na shida ya namna nyingine. Hadi Juni 1997 sheria za Uingereza zilimtaka mwombaji athibitishe kwamba shabaha kubwa ya ndoa yake haikuwa kwenda kuishi Uingereza. Fikirini, ndugu zangu, mtu anathibitishaje nia ambayo haikuwepo moyoni mwake? Kanuni hiyo ilifutwa na serikali ya chama cha Labour ilipoingia madarakani mwaka huo. Lakini tarehe 9 Julai 2012 ikaja nyingine, ya mfuko. Mdhamini, yaani yule aliyeko kule, alitakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Watu walikwenda mahakamani, na Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kwamba kanuni ya kipato yenyewe si haramu, ingawa iliikosoa serikali kwa jinsi ilivyowasahau watoto. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Juni 2025 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ile kuhusu uhamiaji ilitoa taarifa iliyotaja viwango vya chini ya hapo, hivyo siku utakapoomba usitegemee nilivyosema mimi redioni. Soma tovuti ya serikali yao siku ile ile.

Lakini kabla ya kipato, muulize mwenzako swali hili, na usione haya: una karatasi gani wewe mwenyewe? Njia ninayoizungumzia ni ya mwenzi wa raia wa Uingereza, au wa mtu mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, au wa mkimbizi aliyekubaliwa, na wengine wachache. Mwanafunzi hayumo. Mwanafunzi ana utaratibu wake, na tangu Januari 2024 wanafunzi wengi, isipokuwa wale wa utafiti wa shahada za juu, hawaruhusiwi kuwaleta wenzi wao. Wale waliokwenda kutunza wazee nao, tangu Machi 2024 waombaji wapya hawakuruhusiwa kuchukua familia. Nimepata barua ya bwana mmoja aliyekusanya nyaraka mwaka mzima, kisha akagundua kwamba mkewe yuko kule kwa viza ya masomo. Mwaka huo umepotea bure.

Haya, tuseme mwenzako anastahili kudhamini. Nyote wawili muwe mmetimiza miaka 18. Muwe mmeonana uso kwa uso. Ndoa ya watu waliofahamiana kwa simu tu, hata kama shehe ameifunga na mawalii wamekaa, haitoshi. Na ndoa iwe halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa.

Hapo pana mambo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa za dini, za kimila na za bomani. Zote ni ndoa. Lakini zote zinatakiwa ziandikishwe, na cheti ndicho afisa anachokitaka. Cheti alichokupa shehe au padri kifuatilie hadi ujue kwamba taarifa zake zimefika RITA. Kama ndoa ni ya kimila na haikuandikishwa, usisubiri wiki ya kuomba viza ndipo uanze kuwatafuta wazee waliopokea ng'ombe. Zanzibar ina utaratibu wake wa kuandikisha, na mahakama zake za kadhi, lakini shauri langu ni lile lile.

Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla, afisa atauliza ndoa ile iliishaje. Hapa Waislamu wengi wa Bara wanakwama. Mtu aliandikiwa talaka mwaka fulani, eda ikaisha, akaolewa tena, na mbele ya Mungu na majirani mambo yako sawa. Lakini kwa sheria yetu ya 1971 ndoa iliyofungwa Bara huvunjwa kwa amri ya mahakama, baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi. Kipande cha daftari chenye maneno ya talaka peke yake kinaacha swali wazi, na swali hilo likiwa wazi basi hata ndoa ya pili inatiliwa shaka. Nenda mahakamani ukalimalize mapema. Mjane naye atafute cheti cha kifo cha marehemu. Na kwa mabwana wenye mke kule na wanaotaka kuongeza wa hapa, sheria ya Uingereza haiwaruhusu kumleta wa pili. Msiwapotezee dada zetu muda.

Wapo wanaoishi pamoja bila ndoa. Sheria yetu, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hata watu wakawahesabu mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Waingereza nao wana miaka miwili yao: wenzi wasiooana wanatakiwa wawe katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa muda huo, na tangu Januari 31, 2024 si lazima wawe wamekaa nyumba moja muda wote. Hata hivyo kuthibitisha uhusiano bila cheti ni kazi nzito kuliko kwenda bomani. Kuna pia viza ya mchumba: inakupa miezi sita ya kwenda na kufunga ndoa kule, na katika miezi hiyo huruhusiwi kufanya kazi. Halafu unaomba tena, na unalipa tena.

Sasa nije kwenye majina, maana nadhani yanawaponza Waswahili kuliko kitu kingine chochote. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa mawili, pasipoti matatu, kitambulisho cha taifa kimeandika la babu kwa herufi ya R badala ya L, na cheti cha ndoa kimeandikwa na shehe kwa jina la nyumbani analofahamika nalo mtaani. Dada mmoja wa Mbagala alinionyesha jalada lake. Kwetu sisi ni mtu mmoja bila shaka yoyote. Kwa asiyetujua ni wanawake watatu. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kwa waliosajiliwa ukubwani, inatofautiana. Dawa yake ni kuzipanga nyaraka zote mezani kabla ya kugusa fomu, kuzisoma moja moja herufi kwa herufi, na kurekebisha kinachorekebishika pale kilipotolewa. Kisichorekebishika kiapiwe mbele ya wakili au hakimu, na kiapo hicho kieleze kwa maneno machache tofauti imetokea wapi. Usiifiche. Tofauti iliyoelezwa ni jambo dogo. Tofauti aliyoigundua afisa mwenyewe inamfanya aanze kutafuta nyingine.

Halafu kuna ushahidi kwamba ndoa yenyewe ipo na inaishi. Fomu itauliza mlionana lini kwa mara ya kwanza, uhusiano ulianza lini, na mara ya mwisho mlionana lini. Hizi ni tarehe tatu tofauti. Mume na mke wakae kwenye simu wakumbushane, maana mmoja akiandika kwamba walifahamiana 2018 kwenye arusi ya binamu, na mwingine katika barua yake akasema 2019 Tanga, hakuna aliyesema uongo, lakini karatasi zimegombana. Kila mmoja aandike barua yake mwenyewe, kwa maneno yake, aeleze walivyokutana, nani alimwendea nani, harusi ilikuwaje, wanapanga kuishi wapi. Zile barua za vishoka zinazofanana kwa watu kumi zinatambulika.

Picha 300 za harusi moja hazishindi picha 12 za miaka minne. Changanya: ya siku ya posa, ya harusi, ya Idi au Krismasi mkiwa na wazazi, ya hospitali mama mkwe alipolazwa. Andika nyuma au chini yake nani ni nani, wapi, lini. Safari zenu zionekane kwenye mihuri ya pasipoti na tiketi za ndege, msitupe tiketi. Fedha anazotuma mwenzako zipite kwenye njia inayoacha risiti, benki au simu. Wengi wetu tumezoea kumpa mgeni anayesafiri bahasha, "mpe mke wangu laki tano." Ni uungwana, na fedha hufika. Ila mbele ya afisa, mume huyo hajamtumia mkewe hata senti.

Mazungumzo ya simu nayo ni ushahidi. Hapa ninaona watu wakifanya jambo la kuchekesha, wanachapisha ujumbe wa miaka miwili, kurasa mia nne, "umekula?", "nimekula", "haya lala salama". Hakuna afisa atakayezisoma zote. Chagua kurasa chache za kila msimu, zionyeshe kwamba mawasiliano hayakukatika, hasa siku ambazo jambo lilitokea: msiba, mtoto kuugua, kodi ya nyumba. Na kumbukeni kwamba yameandikwa Kiswahili. Kila waraka usio wa Kiingereza, cheti au ujumbe wa mapenzi, unatakiwa uambatane na tafsiri kamili, na mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, atie tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na anwani anakopatikana. Mtafsiri asiwe wewe wala mumeo. Ni sababu nyingine ya kuchagua kurasa chache, kwani anatoza kwa ukurasa, na si kila neno la mume kwa mke linapendeza kusomwa na mtafsiri wa mtaa wa pili.

Upande wa fedha, mzigo ni wa aliyeko kule. Mshahara wako wewe wa hapa, hata uwe meneja, hauhesabiwi unapoomba ukiwa huku. Mwenye ajira ya kudumu mahali pamoja atoe karatasi za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi ile ile sita zikionyesha mshahara huo ukiingia, na barua ya mwajiri. Nasema ile ile kwa makusudi. Karatasi ya Machi ikionyesha pauni fulani, benki ya Machi ionyeshe hizo hizo zikiingia. Mwezi mmoja ukikosekana afisa anaweza kukuandikia akuombe, lakini halazimiki. Na nyaraka hizi zisiwe zimelala. Za karibuni kabisa ziwe ndani ya siku 28 kabla ya kuomba. Anayejiajiri anaonyesha hesabu za mwaka mzima wa kodi. Asiyetimiza kipato anaweza kutumia akiba iliyokaa miezi sita, lakini kwa kiwango kile cha pauni 29,000, asiye na kipato chochote alitakiwa awe na pauni 88,500. Wanaopokea misaada fulani ya ulemavu au ya kumtunza mlemavu hawabanwi na kiwango hicho; wao huonyesha tu kwamba familia itaweza kujikimu. Nyumba pia: mkataba wa pango, na mwenye nyumba aandike kwamba anakubali mtu wa pili aje. Chumba kimoja cha kushirikiana na vijana wanne hakitakubalika.

Wewe wa huku una mitihani miwili. Mmoja ni wa Kiingereza, kuzungumza na kusikiliza, kiwango cha A1 ambacho ni cha chini kabisa, ufanyike kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali yao. Cheti cha kozi ya mtaani hakifai. Wenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza wanaweza kusamehewa mtihani kwa kuithibitisha shahada hiyo. Wakenya wengi huuliza kwa nini wao wafanye mtihani ilhali Kiingereza ni lugha rasmi kwao. Jibu ni kwamba nchi yao haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa, wala yetu haimo. Mwingine ni kipimo cha kifua kikuu kwenye zahanati iliyoidhinishwa. Cheti chake kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie kupima kabla mumeo hajakamilisha karatasi za mshahara, utajikuta unapima mara mbili.

Gharama nizitaje tu mpate kuzijua. Ada ya ombi kwa anayeomba nje ya Uingereza ilipandishwa Aprili 2025 ikawa pauni 1,938. Mchango wa huduma za afya, tangu Februari 2024, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na kwa viza ya kwanza ya miezi 33 unalipa mitatu kwa pamoja, pauni 3,105. Ombi likikataliwa mchango wa afya unarudishwa. Ada hairudi. Ndiyo maana nawaonea uchungu wanaokwenda kwa vishoka. Kishoka atakuambia ana mtu ubalozini, atakuuzia taarifa ya benki yenye fedha ambazo hamna, atakutengenezea cheti. Karatasi moja ya kughushi inatosha kuliangusha jalada zima, pamoja na zile karatasi zako tisini za kweli, na rekodi yake inabaki hadi utakapoomba tena. Na ukikataliwa kwa haki au kwa kosa la afisa, soma barua ya kukataliwa hadi mwisho kabla ya kulia. Maombi ya namna hii kwa kawaida yana haki ya kukata rufaa, na aliye nje ya Uingereza ana siku 28. Rufaa huchukua muda mrefu. Kama kilichokosekana ni karatasi ya mwezi mmoja, mara nyingine kuomba upya ni haraka zaidi. Hapo ndipo pa kumlipa mwanasheria wa kweli wa uhamiaji, mwenye kibali cha kazi hiyo kule Uingereza.

Akina mama wenye watoto wa uhusiano wa kwanza wasikilize kidogo. Mtoto huyo anaweza kuombewa, lakini kama baba yake yu hai, utaulizwa ni nani mwenye jukumu la malezi yake. Sheria yao inataka, katika hali nyingi, uonyeshe kwamba jukumu hilo ni lako peke yako. Kwetu mtoto ni wa ukoo: bibi ndiye amekaa naye, mjomba amelipa ada, baba amekuja siku ya kumaliza shule na shati jipya. Kila risiti ya ada yenye jina lako, kila barua ya mwalimu aliyokuandikia wewe, kila mahali ulipotia sahihi hospitali, iweke. Barua ya baba kwamba anaridhia mtoto aondoke inasaidia, lakini peke yake haijibu swali la malezi.

Ukifika kule jalada halijafungwa. Kwa utaratibu ulioanza 2012, baada ya viza ya kwanza unaomba nyongeza ya miezi 30, na ukazi wa kudumu huombwa baada ya miaka mitano. Kila hatua utaulizwa kama bado mnaishi pamoja. Hivyo tangu wiki ya kwanza, barua ya benki, ya daktari, ya umeme na maji ziwe na majina yenu na anwani moja, na zitunzwe kwa tarehe.

La mwisho nililoandikiwa na mama mmoja ambaye binti yake yuko kule: nani ashike karatasi? Kadi za plastiki za ukazi zilikoma mwisho wa 2024, na kibali siku hizi kiko kwenye akaunti ya intaneti. Akaunti hiyo hufunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu. Mara nyingi mume huijaza fomu kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kompyuta. Ikatokea nyumba imechafuka, mke hana hata uwezo wa kuonyesha kwamba yuko nchini kihalali, wakati sheria ile ile inampa mwenzi aliyepigwa au kunyanyaswa njia ya kuombea ukazi wake mwenyewe. Fungua barua pepe yako kabla ya kujaza fomu, tumia namba yako, na neno la siri ulijue wewe. Vyeti halisi safiri navyo mkononi, usivitie kwenye sanduku la ndege. Na vivuli vya kila karatasi mwachie mama yako hapa nyumbani.